Nani anaombea creuseur asiye na jina?

Kila tarehe 29/6 Kanisa Katolika linashangilia mitume Petro na Paulo, na njo siku ya katedrale yetu ya Lubumbashi, sababu ilipewa majina yao wawili. Kesho yake ni 30, inchi yote inakumbuka uhuru. Ni siku za kuvaa vizuri na kupika kuku. Lakini kwa jamaa mingi za Kolwezi kuko tarehe ingine, siku mbili mbele ya sikukuu: 27/6. Siku ile, mu 2019, udongo wa kariere ya KOV ulianguka juu ya wachimbaji wa mukono, wale sisi wote tunaita creuseurs. Hesabu ya wafu haikuwa moja. Tulisikia 19, tukasikia 36, kisha 43. Na hata hiyo 43 iliandikwa na neno "angalau" mbele yake.

Neno hilo "angalau" linatusumbua mupaka leo. Maana yake pengine kuko mutu wa 44, na wa 45, ambaye hakuna aliyemuhesabu. Ana mama yake pahali fulani, ku Mwene-Ditu ao ku Kamina ao ku Kalemie, na mama ule anasubiri simu. Hawezi kufanya kilio, sababu hakuna aliyemwambia kama mutoto amekufa. Hawezi kuacha kulia vilevile.

Kila mutu aliyefanya kazi mu kariere anajua namna inavyokuwa. Kijana anafika kutoka mbali, anapata ekipe, wanamupa jina ya utani siku ya kwanza. Anachimba nao mwezi, miezi sita, mwaka. Wanakula naye sahani moja. Siku anakufa, wenzake wanatazamana: jina yake ya kwao nani anaijua? Karatasi hana, ao zilibaki naye chini. Tumesikia maneno haya mara mingi: "Tulikuwa tunamuita vile tu. Kwabo hatukukujuaka."

Tunaleta wazo moja leo, na tunaisema wazi tangu mwanzo. Tunataka mu katedrale yetu kuwe pahali pa watu waliokufa mu migodi: kitabu cha majina na taa, si zaidi. Wa Union Minière, wa Gécamines, wa kampuni za leo, na creuseurs pamoja nao. Na mutu yeyote anayeingia mule, hata kama alikuja na shida zake, asimame kidogo awaombee, hata kama hakuna mumoja wao anayemujua.

Wiki zilizopita tuliingia mu katedrale mara kadhaa, siku za kazi, karibu saa sita ya muchana, wakati hakuna misa. Inje ni jua na kelele za taxi-bus. Ndani ni baridi kidogo, na matofali yale mekundu ya zamani yanafanya mutu apunguze sauti bila kuambiwa. Watu wanaingia mumoja mumoja. Kijana mwenye dosie ya kuomba kazi ku kampuni ya Wachina. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anayeogopa mitihani ya Serikali. Mama mwenye karatasi za hospitali mu sakosi. Wanapiga magoti, midomo inatembea, wanasimama, wanaenda.

Walipotoka tuliwauliza, kwa heshima, wameombea nini. Karibu wote walisema jambo lao wenyewe, ao la mutoto, ao la bwana. Hatuwalaumu. Mutu mwenye moto ku nyumba yake anaanza na nyumba yake. Lakini mama mumoja muzee, bwana wake alifanya kazi ku Gécamines mupaka alipokufa, alitujibu ingine: "Miye naombea ule ataingia mu shimo leo na hana mutu wa kumuombea. Bwana wangu alikuwa na miye. Ule, pengine hana." Tukamuuliza kama anamujua. Akatuangalia sawa vile tunauliza maneno ya bure: "Nitamujua namna gani?" Kisha akatuomba franka za kurudia Katuba.

Mama ule amegusa jambo ambalo watu wa parokia wanalijua lakini hawalisemi sana. Namna desturi yetu ilivyo, sala kwa mufu inapitia ku biro. Jamaa inaenda, inaandikisha jina, inatoa sadaka, na siku ya misa mupe anasoma jina ile mbele ya watu. Ni desturi nzuri. Mupe naye anakula, na mishumaa inanunuliwa. Lakini angalia nani hawezi kupita mu mulango ule: mutu asiye na jamaa hapa. Creuseur aliyekufa bila jina hana wa kumuandikisha, na hana wa kumutolea sadaka. Anakuwa maskini tena mara ya pili.

Sheria ya Kanisa yenyewe ililiona hilo. Kanuni ya 945 inawahimiza sana mapadri watoe misa kwa nia ya waamini, zaidi ya wote maskini, hata kama hawakupewa sadaka yoyote. Wamupe wetu wanaijua kuliko sisi. Tena mu sala ya waamini ya kila siku ya Mungu, nia moja kwa watu wa mashimo haiombi franka hata moja. Inataka mutu wa kuiandika tu.

Kuko watu watasema: mu kila misa wanaombea wafu wote, na 2/11 ni siku yao. Ni kweli. Lakini "wote" ni neno kubwa, na mutu mudogo anapotea ndani yake sawa vile anapotea ndani ya "angalau".

Sasa, juu ya nini katedrale hii, na si pahali pengine? Sababu historia yake na historia ya mukuba ni ndugu wa tumbo moja, na si kila siku walikuwa ndugu wazuri. Union Minière ilizaliwa 1906, muji wa Elisabethville ukafuata 1910. Mukuba ulikuwa mwingi, watu wa kuuchimba hawakutosha. Wakaenda kuwatafuta ku Kasai, ku Zambia ya leo, kisha ku Rwanda na Burundi. Wazee wetu walifika hapa wageni, hawajui mutu, hawajui luga ya jirani, na mu miaka ile ya kwanza magonjwa yaliua wengi mu makambi. Kiswahili chetu hiki chenyewe, watu wa pwani wanakicheka, lakini njo kilizaliwa mule: wageni wanatafuta namna ya kuambiana "leta maji" na "pole".

Na mu miaka hiyohiyo njo Wabenedikto walisimamisha Kanisa mu muji, mukubwa wao akiwa Jean-Félix de Hemptinne, ambaye alikaa na uongozi wa Kanisa la Katanga mupaka alipokufa mu 1958. Alikuwa mutu wa nguvu, na alikuwa karibu sana na wakubwa wa Serikali na wa Kompanyi. Serikali, Kompanyi na Misioni vilikuwa mafiga matatu ya jiko moja. Nani alikuwa kuni, wasomaji wetu waliokulia mu makambi hawana haja tuwaambie.

Mu 12/1941 wafanyakazi wa Union Minière waliacha kazi wakiomba mushahara. Tarehe 9 askari waliwapiga risasi ku uwanja wa mupira wa Elisabethville. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa jina ya wenzake, aliuawa palepale. Wengine wangapi? Hapo tena hesabu ya Serikali na hesabu ya watu hazikupatana kamwe. Jina ya Mpoyi tunayo. Wenzake karibu wote ni wageni kwetu leo, hata kama damu yao ilianguka mu muji wetu.

Kwa hiyo mutu asituambie kwamba katedrale na watu wa mashimo hawakukosana kamwe. Walikosana. Na tunajua pahali pengine walikosana hata kuliko hapa, na bado taa ya muchimbaji iko mu katedrale yao.

Pahali pale ni Durham, kaskazini ya Uingereza. Katedrale ya kule ni ya zamani sana: walianza kuijenga mu 1093, na kwa sehemu kubwa ilikwisha 1133. Ni jengo la mawe, nguzo zake ni nene ajabu, na liko juu ya kilima kinachozungukwa na muto. Chini ya udongo wa jimbo lote kulikuwa makala ya mawe, na kwa miaka mingi maaskofu wa Durham wenyewe walikula faida ya makala yale. Wachimbaji walikuwa chini, kanisa lilikuwa juu ya kilima, na kila mutu alijua nani anamulisha nani.

Mu 1925 chuki ilipanda mupaka ku kichwa. Wachimbaji wa Durham wana sikukuu yao kubwa ya kila mwaka mu mwezi wa saba, tangu 1871: wanatembea mu muji na bendera kubwa za sindika zao na fanfare. Mwaka ule askofu, Hensley Henson, alikuwa amesema maneno makali juu ya wafanyakazi wanaogoma. Siku ya sikukuu watu wakaona mutu wa Kanisa mu mavazi yake, wakamukamata, wakataka kumutupa mu muto. Kumbe si askofu! Alikuwa Welldon, mukubwa wa wapadri wa katedrale. Wakamuokoa na mutumbwi. Tukisoma habari hii tunacheka, lakini ule aliyekuwa karibu kuoga na viatu hakucheka.

Basi, miaka 22 nyuma ya siku ile, mu 1947, mu katedrale ileile waliweka ukumbusho wa wachimbaji. Ni wa mbao, na pembeni kuko taa ya mugodi na kitabu cha majina ya waliokufa mu mashimo ya jimbo lile. Ukumbusho unamwomba mutu anayepita akumbuke waliokufa, na pamoja nao wale walio bado chini wakifanya kazi mu giza na hatari. Tunapenda sana sehemu hii ya pili. Mutu anayesimama mbele ya taa ile anaombea watu wawili: mufu asiyemujua, na muzima asiyemujua ambaye usiku huu yuko chini.

Kuko na jambo lingine. Siku ya sikukuu bendera na fanfare vinaingia mupaka ndani ya katedrale. Zamani, kama sindika ilipoteza mutu mu shimo mwaka ule, bendera yake ilifungwa kitambaa cheusi. Hakuna mutu alihitaji kuuliza. Mwaka 1951 shimo ya Easington ililipuka, watu 83 wakafa, na wawili kati yao walikuwa wamekwenda kuokoa wenzao. Watu wa mashimo mengine, ambao hawakuwahi kukanyaga Easington, waliona kitambaa kile wakavua kofia.

Na wimbo ambao fanfare zinapiga siku ile hauna maneno. Unaitwa Gresford. Uliandikwa na Robert Saint, muchimbaji, juu ya shimo ya Gresford ku Wales iliyolipuka mu 9/1934. Walikufa 266, na miili iliyotolewa ni 11 tu. Shimo ilifungwa, wengine wakabaki mule mupaka leo. Wales ni mbali na Durham, jamaa hawafahamiani, lakini kila mwaka watu wa Durham wanasimama kimya juu ya wageni wale wa Wales. Wasomaji wa Kolwezi na wa Likasi, mutu aliyebaki mu shimo ni habari mnayoijua. Hakuna haja ya kuitafsiri.

Tena shimo ya mwisho ya Durham ilifungwa mu 1993. Watoto wanaotembea na bendera leo hawakuona makala hata siku moja. Bado wanaingia na bendera, na kitabu bado kiko.

Sasa turudi kwetu, sababu tunajua watu watakavyotujibu.

Rafiki zetu wa sindika na wa vyama vya kutetea creuseurs watasema sala inalaza watu. Watasema sheria inakataza shimo la mukono kupita metre 30, na kila siku watu wanapita. Kwamba zone za wachimbaji wa mukono hazitoshi, na zingine zilitolewa pahali ambapo hakuna kitu. Kwamba mujane anahitaji pesa ya mazishi na masomo ya watoto, hahitaji mushumaa. Tunakubali yote. Lakini tunawauliza: munapoenda mbele ya wakubwa kudai malipo, munaenda na orodha gani? Mukubwa anasema 19, ninyi munasema zaidi, na hakuna karatasi. Kitabu cha katedrale kingekuwa karatasi. Ili mutu aombewe lazima kwanza ahesabiwe, na jina iliyosomwa kwa sauti mbele ya watu mia tano haifutwi kwa urahisi ku biro. Hatuoni juu ya nini sala na hesabu vigombane. Ku Durham bendera zinazoingia kanisani ni za sindika, na zinatoka kanisani zikiwa za sindika.

Ndugu zetu wa makanisa ya uamsho, nao ni wengi mu migodi kuliko Wakatolika pengine, watasema hawaombei wafu. Sawa. Hatutaki kuwavuta. Lakini kuombea mujane wa mutu usiyemujua, na kijana wa ekipe ya usiku usiyemujua, kuna muchungaji gani atakataa? Na Waislamu walio kati yetu wanajua dua kwa ajili ya mugeni. Mulango wa katedrale uko wazi mu muchana. Hakuna mutu anayeuliza karatasi ya ubatizo hapo.

Wa tatu njo wanatuumiza. Wanasema: hawa ni wezi, waliingia usiku mu konsesio ya wengine, walitafuta kifo chao wenyewe. Tulisikia maneno haya mu 2019 siku ileile watu wanachimbua maiti. Tunajibu kwa ufupi. Kesi ya konsesio ni ya tribinali. Yesu mwenyewe alikufa katikati ya wanyang'anyi wawili, na kanisa ambalo lina musalaba ukutani haliwezi kuuliza mufu alipita mulango gani kuingia mu kazi. Tena wengi wanaosema hivyo wanakula mukate wa creuseur kila siku: mwenye duka, mwenye moto, mwenye nyumba za kukodisha ku Kapata na ku Kasulo. Siku soko ya kobalti inaanguka, wao njo wa kwanza kulia.

Tunajua pia hatari ya wazo letu. Kitabu kinaweza kuwa pahali pa wakubwa kupiga picha. Mutu atataka kuandika jina ya kampuni yake juu ya taa. Tunaomba parokia isikubali. Taa iwe ya mugodi, ya zamani kama inapatikana, iliyoshuka kweli chini. Wazee wa Gécamines mu nyumba zao bado kuko wanaozificha chini ya kitanda. Kitabu kiwe kikubwa, cha karatasi nzuri, na kalamu ifungwe na kamba sababu tunajijua.

Na mu kitabu kile mutu aandike nini? Jina ya kwao kama inajulikana. Jina ya kariere, ile ya utani, sababu pengine njo hiyo tu wenzake wanajua, na mama yake akija siku moja anaweza kumutambua kwa alama ingine: muji alikotoka, luga aliyosema, wimbo aliopenda, kovu ku mukono. Pahali alipofia, na tarehe. Kama alizikwa, malalo gani. Kama hakutolewa, iandikwe vilevile: alibaki.

Wale ambao hawawezi kufika Lubumbashi, watu wa Kolwezi, Likasi, Kambove, Fungurume, wanaweza kuanza ku parokia yao na kaye ya shule. Wazee wa Union Minière ambao bado wana kumbukumbu wasingoje, sababu nao wanapungua kila mwezi. Watoto wakae nao jioni na waandike. Kwa tarehe 27/6 ya mwaka unaokuja, mistari miwili iliyosomwa mu sala ya waamini ingetosha kuwa mwanzo, na kwa wale wa kariere ya KOV tungeanza na majina yanayojulikana, kisha msomaji anyamaze kidogo, mara moja kwa kila mutu ambaye wenzake wanasema alikuwa mule na hakuna anayejua aliitwa nani.